Usihesabu Shift Mwenyewe

Wiki iliyopita kijana tunayefanya naye kazi aliniita mezani kwake. Ameandika msimamizi wa madirisha wake mwenyewe, yaani programu inayopanga madirisha kwenye skrini, wa X11, mfumo wa madirisha unaotumika kwenye Linux, na kwenye laptopu unakwenda vizuri kabisa: unabonyeza Super (kile chenye alama ya Windows) na Enter, tominali, dirisha la kuandikia amri, inafunguka. Alipochomeka kibodi kubwa ya ofisini, kimya. Bonyeza, kimya. Alikuwa ameshapitia msimbo wote mara mbili. Mimi nilianza na kibodi, na pale juu ya vitufe vya namba kitaa kidogo cha kijani kilikuwa kinawaka.

“Hebu zima hiyo Num Lock, mdogo wangu.”

Akaizima, akabonyeza, tominali ikafunguka. Akanigeukia: “Kaka, Num Lock inahusiana nini na Enter?”

Swali zuri sana. Kulijibu sawasawa inabidi tuanzie kwenye kibodi yenyewe.

Kibodi haijui herufi kubwa wala ndogo. Inachojua ni kwamba kitufe fulani kimebonyezwa au kimeachiwa, basi. Kiini cha Linux kinaita Shift ya kushoto namba 42. Seva ya X, programu inayopokea vitufe na kuvigawa kwa programu nyingine, inaongeza 8, inakuwa 50, kwa sababu namba za vitufe kwenye X huanzia 8. Kwamba kitufe namba 50 kinabadilisha maana ya vitufe vingine ni uamuzi wa seva, na seva ndiyo inayoshika daftari: nani ameshikiliwa sasa hivi, nani amefungwa kama Caps Lock inavyofungwa.

Kwenye X11, tangu ilipotoka mwaka 1987, daftari hilo lina nafasi nane za virekebishi, yaani vitufe vya kubadilisha maana ya vingine: Shift, Lock (ya Caps Lock), Control, kisha Mod1 hadi Mod5. Hizo tano za mwisho hazina maana ya kudumu. Andika xmodmap -pm kwenye tominali yako uone za kwako. Kwenye mashine nyingi za Linux Mod1 ni Alt, Mod2 ni Num Lock, Mod4 ni Super na Mod5 ni AltGr, yaani Alt ya kulia. Kila nafasi ni biti moja, na 0x inaonyesha kwamba namba imeandikwa kwa msingi wa 16: Shift ni 0x1, Lock 0x2, Control 0x4, Mod1 0x8, na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili hadi Mod5 ambayo ni 0x80. Kila tukio la kitufe linapofika kwenye programu hubeba namba ya biti 16 inayoitwa state. Biti nane za chini ni virekebishi, tano zinazofuata ni vitufe vya kipanya, na juu yake kuna mbili zinazosema ni mpangilio gani wa kibodi unaotumika.

Sasa washa xev, programu ndogo inayoonyesha kila tukio la kitufe, na ubonyeze Shift, a, kisha uachie Shift. Tukio la kubonyeza Shift linakuja na state 0x0. Tukio la a linakuja na 0x1. Tukio la kuachia Shift nalo linakuja na 0x1. Wengi wakiona hivyo wanadhani seva imechelewa. Haijachelewa. State inaeleza hali ilivyokuwa kabla tu ya tukio lenyewe, na wakati Shift inabonyezwa, kabla yake hakukuwa na Shift. Ukilielewa hili umejiokoa na wiki nzima ya kutafuta hitilafu isiyokuwepo.

Rudi sasa kwa kijana wetu. Msimamizi wa madirisha anaiomba seva imshikie mkato, yaani mchanganyiko wa vitufe: kitufe Enter pamoja na 0x40, yaani Mod4. Seva inalinganisha neno kwa neno. Num Lock ikiwa imewaka, state halisi ni 0x40 jumlisha 0x10 ya Mod2, yaani 0x50, na 0x50 si 0x40, kwa hiyo Enter inakwenda kwenye dirisha lililo mbele kama kawaida. Laptopu yake ilikuwa imezima Num Lock, ndiyo maana hakuwahi kuliona tatizo. Dawa inayotumika miaka yote ni kuomba mkato huohuo mara nne: wenyewe, pamoja na Lock, pamoja na Num Lock, na pamoja na zote mbili. Msimbo wa dwm, msimamizi mwingine wa madirisha, unafanya hivyo hasa, na nawahimiza wanaoanza wausome, ni mfupi. Na unafanya jambo jingine la busara: hauchukulii kwamba Num Lock ni Mod2, unaiuliza seva kwanza. Ipo njia fupi ya kuomba kirekebishi chochote kile, lakini hiyo itakushikia Enter hata ikibonyezwa peke yake, na hakuna atakayeweza kuandika aya mpya.

Kosa linaloniuma zaidi ni la programu inayoamua kushika daftari lake pembeni. Inaona Alt imebonyezwa, inaandika “Alt ipo”. Mtumiaji anabonyeza Alt na Tab, anahamia dirisha jingine, anaachia Alt kule. Taarifa ya kuachiwa haifiki kwenye programu ya kwanza. Akirudi, programu bado inaamini Alt imeshikiliwa, na kila herufi anayoandika inafungua menyu. Michezo mingi ya kompyuta ina ugonjwa huu. Mtu analaumu kibodi, hata ananunua nyingine, kumbe kibodi haina kosa lolote.

Wayland, mrithi wa X11 iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, imegawa kazi kwa namna nyingine. Seva inaipa programu ramani nzima ya kibodi kama faili, na programu inaisoma kwa libxkbcommon, maktaba ya msimbo ya kusoma kibodi. Tukio la kitufe halibebi state tena. Badala yake kuna tukio la peke yake, modifiers, lenye namba nne: vilivyoshikiliwa, vilivyowekwa kwa kitufe kimoja kijacho tu, vilivyofungwa, na mpangilio unaotumika. Kitufe kikibadilisha virekebishi, tukio la kitufe ndilo linalotangulia na modifiers hufuata. Na kila dirisha linapopata kibodi, itifaki inailazimisha seva kulitumia modifiers mara moja, kwa hiyo ile Alt iliyoachiwa kwa jirani haina pa kujificha. Kazi ya programu ni kuzipokea namba hizo na kuzipitisha kwenye xkb_state_update_mask. Ile ya kuhesabu kitufe kimoja kimoja, xkb_state_update_key, ni ya seva. Kila ninapoziona zote mbili zimechanganywa ndani ya programu moja, nafungua taarifa ya hitilafu kabla hata ya kuijaribu.

Linabaki suala la kirekebishi ambacho kazi yake imeshakwisha. Kwenye kibodi ya Kimarekani, alama ya + hupatikana kwa Shift na =. Mtu akitaka kukuza maandishi kwa Ctrl na +, state ni 0x5, si 0x4. Shift hapo imeshatumika kuzalisha +, na programu inapaswa kuiondoa kwenye hesabu kabla ya kulinganisha. Libxkbcommon inaweza kukuambia vipi vimeshatumika. Hapa kwetu jambo hili si la nadharia. Mkusanyiko wa mipangilio ya kibodi uitwao xkeyboard-config una mpangilio wa Kikuyu, na ndani yake ũ hutoka kwa AltGr na u, ĩ kwa AltGr na i. Kihariri cha maandishi kinachosema “nikiona kirekebishi chochote zaidi ya Shift, hii si herufi” kinazitupa herufi hizo, na mtu anashindwa kuandika jina la lugha yake.

Kwa hiyo jaribio langu la kwanza kwa kila programu ya X11 ni hili: naweka Kikuyu kuwa mpangilio wa pili, nahamia huko, nawasha Num Lock na kuandika Gĩkũyũ. AltGr inaingia mara tatu, na kila mara state inasoma 0x2090: 0x2000 ya mpangilio wa pili, 0x80 ya AltGr na 0x10 ya Num Lock.

Kijana alilijaribu kwenye kihariri chake mchana uleule. Kilitoa “Gky”.