Kwa Nini Old Moshi Iko Mlimani na Moshi Mjini Iko Tambarare?

Mgeni anayepanda gari Kiboriloni kuelekea Kidia hukutana na jambo la kushangaza: anauacha mji wa Moshi nyuma yake, gari linapanda taratibu katikati ya migomba na kahawa, kisha anaambiwa kwamba huko juu ndiko Moshi ya zamani, yaani Old Moshi. Imekuwaje jina moja likawa na ukongwe wake mlimani na upya wake chini?

Tangu utotoni niliamini kwamba mji uliitwa Moshi kwa sababu ya moshi wa garimoshi, na nimewasikia watu wazima wakilieleza hivyo kwa uhakika kamili. Wengine husema ni moshi wa Mlima Kilimanjaro. Maelezo yote mawili huaminika kwa urahisi kwa kuwa neno linafanana herufi kwa herufi, na ni kweli kwamba treni ndiyo iliyoujenga mji wa chini. Tarehe, hata hivyo, zinakataa. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911, ilhali mmisionari Charles New alifika Moshi kwa Mangi (yaani mtawala) Rindi mwaka 1871, miaka 40 kabla ya garimoshi la kwanza, naye mpelelezi Mwingereza Harry Johnston akafika huko mwaka 1884. Kuhusu mlima, mlipuko mkubwa wa mwisho wa Kibo, kilele chake kirefu zaidi, ulitokea zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, na mvuke unaotoka kwenye kreta yake ni mdogo mno kuonekana kutoka vijijini. Jina ni la wenyeji wenyewe, ambao hutamka Mochi na huita lugha yao Kimochi. Yaelekea matamshi ya Moshi yalienea kupitia Kiswahili cha misafara ya pwani.

Moshi, basi, ilikuwa himaya ya Wachaga kwenye mgongo wa mlima. Rindi alifariki mwaka 1891. Mwanawe, Mangi Meli, aliwashinda Wajerumani mwaka 1892, wakarudi mwaka uliofuata na nguvu kubwa zaidi, wakamshinda na kujenga boma lao hapo hapo juu. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga Meli pamoja na viongozi wengine, na mti unaotajwa kuwa ndio walionyongewa bado unaonyeshwa Tsuduni.

Kwa nini basi reli haikupanda hadi kwenye boma? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Gurudumu la treni ni chuma kinachozunguka juu ya chuma, na vitu hivyo viwili havishikani sana. Mtu aliyevaa kandambili kwenye sakafu yenye sabuni anaelewa hali hiyo: mahali tambarare atateleza mbele bila kuchoka, lakini akijaribu kupanda ngazi miguu inamkimbia. Ugumu wa chuma, kisichobonyea kinapozunguka, ndio unaoiwezesha treni kuvuta mizigo mizito kwa nguvu ndogo, lakini utelezi wake ndio unaoishinda mlimani. Tuchukue mfano wa treni ya tani 300 pamoja na kichwa chake. Njia ikipanda mita 1 kwa kila mita 100, uzito unaoirudisha nyuma ni tani 3. Ikipanda mita 5, ni tani 15. Kichwa cha tani 40 hushika reli kwa takriban robo tu ya uzito wake, yaani tani 10, na hata kikipewa moto mkali kiasi gani, magurudumu yatazunguka palepale. Barabara ya Kiboriloni hadi Kidia ina urefu wa takriban kilomita 11 na hupanda mamia ya mita. Mwendesha baiskeli mwenye mikungu ya ndizi hushuka akaisukuma kwa miguu. Treni haina namna ya kushuka na kusukuma.

Njia ingeweza kuzungushwa, lakini migongo ya Kilimanjaro imekatwa na makorongo marefu, na kila mzunguko ungedai madaraja. Siwezi kusema kwamba mteremko ulikuwa sababu pekee, kwani tambarare ilikuwa pia na nafasi ya maghala na ndiko njia ya kwenda Arusha ilikopita. Kituo kikajengwa chini, Wajerumani wakapaita Neu-Moschi, yaani Moshi Mpya, na biashara pamoja na ofisi zikafuata behewa.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi heshima ya mahali ilivyopinduka. Kwa Mchaga wa zamani, nyumbani palikuwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, juu, penye migomba na mifereji ya maji. Tambarare ilikuwa ya joto na homa, mahali pa kulima mahindi na kurudi. Leo mkazi wa Kidia akienda sokoni husema anashuka Moshi, ilhali kwa jina la mababu zake ndiyo kwanza anaondoka Moshi.