Kufua umeme si kuyakamua maji

Nina rafiki ambaye kila akisikia "mtambo wa kufua umeme" kwenye taarifa ya habari, huuliza wanatumia sabuni gani.

Anadhani kufua ni kwa nguo tu na neno sahihi ni kuzalisha. Yote mawili ni sahihi. Mhunzi hufua chuma kikawa jembe, nazi nayo hufuliwa makumbi. Mimi nikisikia kufua umeme namwona mhunzi: chuma kilikuwepo, yeye kakigeuza umbo. Umeme nao hauzuki hivi hivi; ni nguvu ya maji, mvuke, gesi au jua iliyogeuzwa.

Dhana inayonikera zaidi ni kwamba maji yakishapita mtamboni yamenyonywa umeme, yamebaki makapi yasiyofaa hata kumwagilia. Hebu ufuate mto Ruaha Mkuu wa Tanzania. Maji yake huzungusha mitambo ya Mtera, yenye uwezo wa megawati 80. Hayo hayo huteremka hadi Kidatu, penye megawati 204. Yakitoka hapo hupita kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero, na sukari haijapungua utamu. Kisha huingia Rufiji, ambako mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, jumla ya megawati 2,115, inayasubiri. Yamefua umeme mara tatu, na bado ni maji.

Kinachotumika ni ule mporomoko wake kutoka juu kwenda chini. Maji yanasukuma turbaini (gurudumu lenye mapanga), turbaini inazungusha sumaku katikati ya koili, yaani nyaya za shaba zilizoviringwa, na mkondo unaanza kutembea. Kanuni hiyo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831. (Megawati 2,115 nazo ni uwezo wa mitambo yote ikizunguka kikamilifu, si kiasi kinachotoka kila saa ya mwaka.)

Umeme ukikatika mtaani, watu husema "leo hawafui". Huenda wanafua vizuri tu, ila nguzo imeanguka au transfoma imeungua. Baada ya kufua kuna kusafirisha, halafu kusambaza, na hitilafu yaweza kuwa popote.

Paneli ya sola pia hufua, ingawa hakuna kinachozunguka: mwanga ukiipiga silikoni, madini yaliyo ndani yake, mkondo hutembea. Betri iliyounganishwa nayo ndiyo haifui. Inatunza tu ulichovuna mchana.