Ngawira isipimwe kwa wastani

Mchezaji mmoja wa mchezo wetu wa mtandaoni aliwahi kututumia picha ya skrini yake. Pembeni ilionekana hesabu ya bosi wa pango, adui mkubwa ambaye ngawira yake, yaani vitu anavyodondosha akiuawa, niliipanga mimi: ameuawa mara 212. Upanga ambao kila mtu humfuatia pale, hakuwa nao. Ujumbe wake ulikuwa mstari mmoja tu: "Naombeni mniangalizie kama akaunti yangu ina hitilafu."

Tukafungua kumbukumbu za seva, tukapitia mapambano yote 212. Hitilafu haikuwepo. Upanga ule ulikuwa na nafasi ya asilimia 2 ya kudondoka, na seva ilichezesha nasibu yake sawasawa kila mara. Kwenye lahajedwali yangu nilikuwa nimeandika "wastani: mara 50", nikaridhika. Pambano moja huchukua kama dakika 12, kwa hiyo mara 50 ni saa 10, na saa 10 niliziona ni haki kwa silaha ya hadhi ile. Yeye alikuwa ametumia zaidi ya saa 42.

Wachezaji wengi huamini kwamba asilimia 2 maana yake ukiua mara 50 utapata. Sivyo. Kila pambano linaanza upya, seva haikumbuki ya jana. Nafasi ya kukosa mara moja ni 0.98, na nafasi ya kukosa mara 50 mfululizo ni 0.98 ikizidishwa yenyewe mara 50, yaani takriban asilimia 36. Zaidi ya theluthi ya watu wanafika kwenye huo "wastani" wangu mikono mitupu. Kwenye pambano la 212, waliobaki ni asilimia 1.4 tu, na namba hiyo kwenye karatasi inaonekana ndogo. Sasa izidishe kwa wawindaji 10,000 wa upanga huo: ni watu 138. Watu hao hawakuletwa na kosa la mashine. Niliwaandika mimi mwenyewe siku niliyoandika 2 kwenye jedwali.

Tangu hapo, safu ya kwanza kwenye lahajedwali yangu haina wastani. Ina swali hili: ni baada ya mapambano mangapi watu 99 kati ya 100 watakuwa wamepata? Kwa asilimia 2 kavu, jibu ni 228, karibu saa 46. Ningeiona namba hiyo mapema, nisingeiruhusu itoke.

Kuna jambo jingine ambalo huharibu ngawira kimyakimya, nalo ni jinsi jedwali lenyewe linavyofanya kazi. Kwa kawaida hatuandiki asilimia, tunaandika uzito. Tuseme uzito wote kwenye jedwali la bosi unajumlisha 1,000, na upanga una uzito wa 20: hapo ndipo asilimia 2 inapotoka. Mwenzangu akija na sasisho jipya akaongeza kofia nne za vita, kila moja uzito wa 50, jumla inapanda hadi 1,200. Upanga bado umeandikwa 20, hakuna aliyeugusa, lakini nafasi yake imeshuka hadi asilimia 1.67, na wastani umeruka kutoka mapambano 50 hadi 60. Wachezaji hulihisi jambo hili kabla yetu. Wanaposema "bosi amekuwa bahili", huwa nawaamini kwanza, kisha nakwenda kuhesabu uzito. Dawa yake ni kutenganisha tabaka: seva ichezeshe kwanza kama kuna kitu adimu au hakuna, kisha kwa nasibu ya pili iamue ni kipi. Hapo ukijaza kofia mia kwenye tabaka la kawaida, upanga hautikisiki.

Turudi kwa yule wa mara 212. Tulichomtengenezea yeye na wenzake tunakiita kinga ya mkosi. Nafasi ya kuanzia niliishusha hadi asilimia 1. Kuanzia pambano la 51, kila unapokosa, nafasi inaongezeka kwa alama moja: asilimia 2, 3, 4, na kuendelea, hadi upate, kisha kihesabu cha mapambano uliyokosa kinarudi sifuri. Wastani haukubadilika sana, ni kama mapambano 46. Kilichobadilika ni mkia, yaani wale wanaokosa kwa muda mrefu kupita kiasi. Kwa mpango wa zamani, kati ya wawindaji 10,000, wapatao 1,986 wangekuwa bado hawana kitu baada ya mapambano 80. Kwa mpango mpya wanabaki kama 23.

Gharama ipo, na sitaki kuificha. Zamani karibu mtu mmoja kati ya watano alipata upanga ndani ya mapambano 10 ya mwanzo. Sasa ni kama mmoja kati ya kumi. Zile kelele za furaha za siku ya kwanza, mtu anaruka pangoni na kikosi kizima kinampongeza, tumezipunguza kwa nusu. Nilisita sana juu ya hilo, maana bahati ya ghafla ni sehemu ya utamu wa michezo hii. Lakini aliyepata mapema angepata tu siku nyingine, na aliyekosa kwa saa 42 alikuwa anakaribia kuacha mchezo.

Na kinga yenyewe inahitaji ulinzi. Toleo letu la kwanza liliongeza kihesabu kwa kila aliyekuwemo kwenye kikosi bosi alipokufa. Haikupita wiki mbili, tukakuta watu wanaegesha wahusika wao mlangoni mwa pango, hawapigani, wanasubiri tu kihesabu kipande. Wenzao wanne waliokuwa ndani walibeba pambano la watu watano. Tukabadilisha: kihesabu kinapanda tu kwa aliyeshiriki kupiga, kuponya au kukinga.

Kuhusu kugawana ndani ya kikosi sitasema mengi, maana wachezaji wametutangulia. Katika EverQuest, iliyotoka 1999, mchezo haukuwapa njia ya haki ya kugawa ngawira ya majoka, wakajitungia wenyewe mfumo wa pointi: unashiriki, unalimbikiza pointi, unazitumia kununua zamu yako. Mfumo huo ulienea hadi michezo mingine na bado unatumika. Mbunifu akiacha pengo, watu hulijaza, na mara nyingi hulijaza vizuri.

Panapoumiza kichwa zaidi ni sokoni. Wachezaji wakiweza kuuziana, hutahesabu tena mtu mmoja na bosi mmoja. Soko linawaunganisha wote kuwa mwindaji mmoja asiyelala. Wawindaji 10,000, kila mmoja akiua mara tano usiku mmoja kwa asilimia 2, wanatoa panga 1,000. Huwezi kukiita adimu kitu kinachoingia sokoni mara 1,000 kila usiku, hata kama kwa kila mmoja wao kilikuwa kigumu kupatikana.

Diablo III iliyaonja haya. Ilitoka Mei 2012 ikiwa na nyumba ya mnada, na muda mfupi baadaye ukafunguliwa na mnada wa fedha halisi. Kila kilichouzwa pale kilikuwa kimechujwa kutoka ngawira ya umati mkubwa, kwa hiyo kilichodondoka miguuni pako jioni moja karibu kila mara kilishindwa na kilichokuwa mnadani. Sanduku la ngawira likapoteza maana, watu wakafungua orodha ya bei. Mnada ulifungwa tarehe 18 Machi 2014, na ngawira ikapangwa upya: vitu vichache zaidi, vinavyomfaa zaidi mhusika wako, na vilivyo bora vikafungwa kwenye akaunti ya aliyevipata, visiuzwe. Naiheshimu sana hatua hiyo. Si rahisi kung'oa kitu ambacho tayari kinaingiza fedha.

Tatizo la pili la soko ni muda. Haba na haba hujaza kibaba, na kwenye seva kibaba hicho hakimwagwi popote usipokitobolea njia. Ultima Online ya 1997 ilibuniwa awali ili mali izunguke: kinachotumika kirudi kwenye mfumo, kizaliwe upya. Wachezaji wakarundika vitu majumbani mwao, mzunguko ukakwama, ikabidi mpango ule uachwe. Old School RuneScape ilianza Desemba 2021 kutoza asilimia 1 ya mauzo sokoni, na sehemu ya makusanyo ikatumika kununua baadhi ya vifaa kutoka kwa wachezaji na kuvifuta kabisa. Naupenda mpango huo kwa sababu unaondoa vifaa, hauondoi sarafu peke yake.

Mimi nilichanganya mambo hayo mawili kwa muda mrefu. Bei ya panga iliposhuka nilipandisha gharama ya ukarabati. Ukarabati hunyonya sarafu, haunyonyi hata upanga mmoja, kwa hiyo watu wakabaki na panga zilezile na mifuko mitupu, na bei ikazidi kuanguka. Siku hizi ukitaka kuupandisha upanga ngazi, lazima uuyeyushe mwingine wa aina hiyohiyo ndani yake. Kila wiki naangalia panga ngapi zimezaliwa na ngapi zimeyeyushwa. Zikiyeyushwa chini ya nusu, naongeza ngazi moja ya kuyeyushia. Asilimia ya bosi siigusi, kwa sababu nikiipunguza haumii mwenye panga sita ghalani. Anaumia aliye kwenye pambano la 80, ambaye hana hata mmoja.