Azimio la Bunge halimpi mjane shamba

Nimeisikia tena, safari hii hapa Mbeya mjini, kwenye kikao cha maandalizi ya Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia: "Tanzania imeridhia CEDAW tangu 1985, kwa hiyo ni sheria ya nchi. Kilichobaki ni utekelezaji." CEDAW ni mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Aliyesema ni msaidizi wa kisheria mzoefu, mtu ninayemheshimu, na kikao kizima kikampigia makofi. Kauli hiyohiyo nimeikuta Iringa, Tukuyu na Makambako, kwa madiwani, kwa walimu, hata kwa mawakili vijana. Naiandikia leo kwa sababu inatupotezea kesi, na inaipeleka kampeni yetu mlango usio wake.

Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kujadili na kuridhia mikataba. Bunge hufanya hivyo kwa azimio: waziri anawasilisha, wabunge wanachangia, wanahojiwa, wa "ndiyo" wanashinda, na usiku taarifa ya habari inatangaza kuwa Bunge limepitisha mkataba. Hapo ndipo watu wanapopotea. Sheria ina njia yake, ipo ibara ya 97: muswada, kusomwa kwa hatua zake, kamati, kisha kibali cha Rais. Azimio halipiti njia hiyo. Linaifunga Tanzania mbele ya mataifa mengine, lakini hakimu wa Mahakama ya Mwanzo hapati humo kifungu cha kusimamia hukumu yake.

Ngoja nioneshe hasara yake. Nililetewa malalamiko ya mjane mmoja wa Rungwe ambaye shemeji zake walichukua shamba la chai na migomba aliloachiwa na marehemu, wakamwambia arudi kwao. Kurasa mbili, zimechapwa vizuri. Aya ya nne ilisema: "Kitendo hicho ni kinyume na Ibara ya 16 ya CEDAW ambayo Serikali imeisaini." Basi, hakuna kingine. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwenyekiti wa baraza la ardhi ameandika: "Sheria ipi ya nchi?"

Ni swali halali kabisa, na jibu lilikuwepo! Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20(2), inasema mila yoyote au uamuzi wowote unaowanyima wanawake umiliki, ukaaji au matumizi ya ardhi ni batili. Hiyo ndiyo CEDAW iliyokwisha kuingia ndani ya sheria ya nchi. Mwandishi wa malalamiko aliirukia New York akaiacha Dodoma, na mama wa watu akapigwa kalenda wakati chai yake inavunwa na wengine.

Sasa, kuna jambo linaloniudhi zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Tukishapata kifungu kizuri kama hicho tunadhani kazi imekwisha, tunasahau kwamba kanuni kongwe hazifi zenyewe. Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lile la mila za urithi kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, linawapanga warithi kwa daraja: mtoto wa kiume wa kwanza juu, wana wengine wa kiume chini yake, mabinti mwisho. Kanuni ya 27 inamnyima mjane fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, ati fungu lake ni kutunzwa na wanawe. Tanzania iliridhia CEDAW kanuni hizo zikiwa vitabuni, na uridhiaji haukufuta hata nukta.

Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kuwa zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta ikisema si rahisi kubadili mila kwa tamko la mahakama. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani yao kwa kasoro ya tarehe kwenye nyaraka. Wakaenda hadi Kamati ya CEDAW ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 Kamati ikasema Tanzania imekiuka haki zao, iwalipe fidia na kurekebisha sheria. Walishinda. Lakini uamuzi ule hauna dalali wa mahakama wa kuukazia.

Ndoa za utotoni ni hivyohivyo. Mkataba wa Haki za Mtoto tuliuridhia 1991, Sheria ya Mtoto ikatungwa 2009. Miaka 18! Na ilipokuja ikasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, huku Sheria ya Ndoa ya 1971 ikiachwa iendelee kuruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na wa 14 kwa idhini ya mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaenda Mahakama Kuu kupinga ruhusa hiyo, akashinda 2016. Serikali ikakata rufani, ikashindwa Oktoba 2019. Mahakama ilitoa mwaka mmoja vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyoruhusu ndoa hizo, virekebishwe. Mwaka ukapita, vifungu vikabaki. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanamfunga miaka 30 anayemwoa mwanafunzi, nami nayashukuru, lakini binti wa Mbarali aliyemaliza darasa la saba na hakuendelea si mwanafunzi tena. Ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi waliingiza miaka 18 kwenye katiba yao mwaka 2017. Unavuka daraja la Kasumulu, na ulinzi wa binti wa umri uleule unabadilika.

Asije mtu akanisoma akatoka na kosa la upande wa pili, kwamba mkataba usioingizwa kwenye sheria ni karatasi tu. Sivyo. Katika kesi ya Ephraim dhidi ya Pastory, mwaka 1990, mwanamke wa Kagera aliuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa baba yake, na mila ilimkataza kuuza kwa kuwa ni mwanamke. Jaji Mwalusanya aliisoma ibara ya 13 ya Katiba, inayokataza ubaguzi, kwa mwanga wa CEDAW, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na Tamko la Haki za Binadamu la 1948, akampa haki ileile ya mwanamume. Angalia mpangilio wake: Katiba ndiyo iliyobeba hukumu, mikataba ikaipa nguvu tafsiri. Malalamiko yetu yaandikwe kwa mpangilio huo.

Wengine wananiambia tudai ibara kama ya Kenya, 2(6) ya Katiba ya 2010, inayofanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria. Zamani niliipigia debe bila kusita. Siku hizi nasita. Majaji wao wamevutana kuhusu mkataba unakaa wapi ukigongana na sheria ya Bunge, na kanuni kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti vya kuchaguliwa, iliyoandikwa ndani ya Katiba yenyewe, imewashinda kutekeleza. Tena mjane anayeishi kwenye kiwanja cha wakwe zake hashitaki hata ukimpa katiba ya dhahabu, maana kesho ataamkia wapi? Hilo sina jibu lake la kisheria, na sijaona kitabu chenye jibu.

Ninalolijua ni kwamba "Serikali itekeleze CEDAW" halimlazimishi mbunge kufanya chochote. Andikeni Tangazo Na. 436, kanuni ya 27, lifutwe. Andikeni vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa. Na kamati ya Bunge ikiita wadau kutoa maoni, msibebe ripoti ya kurasa themanini, haisomwi. Pelekeni ukurasa mmoja: kifungu kinavyosomeka sasa, maneno mnayotaka yakae mahali pake, ibara ya mkataba inayodai hivyo, na hukumu iliyokwisha kusema hivyo. Nakala apewe mbunge wenu akiwa bado jimboni, kabla hajapanda gari kwenda Dodoma.