Bei ya Jumapili

Soko la Hisa la Dar es Salaam halifunguliwi Jumapili. Kwa hiyo nilipoona jedwali langu lina bei ya tarehe 4 Februari 2024, siku ya Jumapili, nilirudisha kikombe cha chai mezani na kuandika mstari mmoja wa R, lugha ya kuchambua data, unaohesabu kila siku ya wiki imetokea mara ngapi:

`table(weekdays(index(bei)))`

Jumapili zimejaa tele. Ijumaa hakuna hata moja.

Kibaya ni kwamba nilikuwa nimeshazikunja data za kila siku ziwe za wiki. Ndani ya R natumia kifurushi cha xts, cha kushughulikia data zenye tarehe, kazi ya Jeffrey Ryan na Joshua Ulrich. Niliandika `to.weekly(bei)` na jibu likaja bila onyo wala kosa, grafu ikapendeza. Kumbe kila wiki ilikuwa imefungwa kwa bei ya Jumatatu ya wiki inayofuata.

Aliyetuuzia faili alikuwa ameipa kila siku ya soko muhuri wa saa sita usiku, siku hiyo inapoanza, kwa saa zetu. Mimi nikaisoma kwa UTC, saa za rejea za dunia nzima, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Jumatatu tarehe 5 ikageuka `2024-02-04 21:00:00`, yaani saa tatu usiku, Jumapili. Kwa xts wiki huanza Jumatatu na kuisha Jumapili, basi bei hiyo ikahesabiwa ya mwisho katika wiki iliyopita. Kwenye miezi ni yaleyale: bei ya tarehe 1 Februari ilisomeka 31 Januari, ikawa ndiyo ya kufungia Januari. Bibi yangu asingeona tatizo, maana kwake jua likishazama Jumapili, usiku huo ni wa Jumatatu. R haihesabu kama bibi.

Kwa miezi, dawa ya haraka ni `tzone(bei) <- "Africa/Dar_es_Salaam"`. Muda wenyewe haubadiliki, unasomwa tu kwa saa za kwetu. Lakini kwa data za kila siku mimi huondoa saa kabisa:

`index(bei) <- as.Date(index(bei), tz = "Africa/Dar_es_Salaam")`

Tarehe isiyo na saa haina pa kuteleza.

Baada ya hapo ndipo ukunje, na kila safu ina kanuni yake. Bei ya kufungulia ni ya kwanza katika wiki, ya kufungia ni ya mwisho, kisha kuna ya juu kabisa na ya chini kabisa. Idadi ya hisa zilizouzwa hujumlishwa. `to.weekly` hufanya yote hayo ukiipa safu zote tano. Ukiipa safu ya kufungia peke yake, bado itakutolea safu nne, ila hiyo "High" itakuwa bei ya juu kati ya zile za kufungia, si bei ya juu iliyowahi kulipwa wiki hiyo. Nimeshaona watu wakiichora kana kwamba ni ya kweli.

Mabadiliko ya asilimia nayo hayajumlishwi. Hisa ya shilingi 1,000 ikipanda asilimia 10 kisha ikashuka asilimia 10, unabaki na 990. Zidisha (1.10 × 0.90 = 0.99), au tumia logi (logarithm) za vizidishi hivyo ndipo ujumlishe.

Wapo wanaokata kila mistari mitano na kuiita wiki. Mwaka 2024 Nanenane iliangukia Alhamisi, soko likawa na siku nne. Fungu lako la mistari mitano linachukua Jumatatu ya wiki inayofuata, na kuanzia hapo hutairudia Ijumaa mpaka sikukuu nyingine zikuokoe kwa bahati. Tumia `endpoints` ya xts, inayotafuta mstari wa mwisho wa kila wiki; inafuata kalenda.

Linaloniumiza kichwa hadi leo ni hisa zinazolala. Siku ambayo hakuna aliyenunua, faili hurudia bei ya jana na kuandika mauzo 0. Ukipima kuyumba kwa bei, hisa hiyo itaonekana tulivu kuliko zote, kumbe haina soko. Nikipima kuyumba, wiki yenye mauzo 0 naiacha tupu, `NA`. Nikithamini mali ya mteja, naibeba bei ya mwisho kwa `na.locf` na kumwandikia pembeni ni ya tarehe ngapi.