Kamba za warukaji wa Pentecost si mpira

Kwa miaka mingi tumesimuliwa kwamba wanaume wa kisiwa cha Pentecost, nchini Vanuatu, wanaojirusha kichwa chini kutoka mnara wa miti, huokolewa na kamba zinazovutika kama mpira. Sivyo. Ni mimea ya porini itambaayo, iliyofungwa kwenye vifundo vya miguu, na haimrushi mtu juu tena.

Kinachopunguza kishindo zaidi ni mnara wenyewe. Nguzo zinazoshikilia jukwaa la mrukaji hutengenezwa ili zivunjike kamba inapokaza, jukwaa likainama. Na udongo wa chini huwa umetifuliwa ukalainika. Kila kamba hupimwa kulingana na mrukaji wake, maana ikizidi kidogo tu, anaumia. Huu ni ujuzi mkubwa, na inasikitisha kuuona ukiitwa ujasiri mtupu.

Msimu nao ni muhimu. Huruka kati ya Aprili na Juni, wakati wa mavuno ya viazi vikuu, mimea ya kamba ikiwa na utomvu wa kutosha, hivyo haikatiki kwa urahisi. Mwaka 1974 waliruka Februari, nje ya msimu, kwa ajili ya ziara ya Malkia Elizabeth wa Pili. Kamba za mrukaji mmoja zilikatika, akafariki.