Jiki na Dawa ya Choo Havichanganywi

Kusugua choo ndiyo kazi ambayo kila mtu nyumbani anaikwepa. Baba ana safari, watoto wana mitihani, mwisho anaachiwa dada wa kazi. Labda ndiyo maana njia za mkato ni nyingi, na kila nyumba ninayoitwa kufanya usafi hapa Tanga, Chumbageni hadi Makorora, naimbiwa ileile: "Changanya jiki na dawa ya choo, inakuwa kali maradufu."

Haiwi. Dawa nyingi za choo ni tindikali, na zile zinazouzwa kwenye chupa za maji bila lebo ndiyo kabisa. Jiki ikikutana na tindikali, klorini yake inatoka kama gesi. Yaani dawa umeipoteza na sumu umeivuta, kwa mkupuo mmoja. Ndiyo gesi iliyotumika vitani Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Ni nzito kuliko hewa, hutuama chini. Na choo cha kuchuchumaa unakisugua umeinama, pua karibu na sinki. Eti "ikinikereketa najua inafanya kazi!" Hayo ni mapafu yanajitetea, mama.

Tena jiki haiondoi ule ukoko. Wenye visima wanaujua: mwamba wa huku ni chokaa, ndio uliotoboka ukawa mapango ya Amboni, na maji yanayopita humo yanaiacha chokaa sinkini. Jiki inaupausha tu. Unatolewa na tindikali, hata siki: mwaga usiku, asubuhi sugua, suuza kwa maji mengi. Jiki ingoje siku nyingine. Nimesema siku nyingine, si baada ya nusu saa. Wateja wananiona mkorofi, sawa tu.

"Ukivuta gesi, kunywa maziwa." Maziwa yanakwenda tumboni, gesi iko kifuani. Toka nje upate hewa; kifua kikibana, hospitali.

"Jiki kwa maji ya moto." Moto unaiharibu. Tumia maji baridi, baada ya kusugua kwa sabuni, maana uchafu unaimaliza klorini kabla haijawafikia vijidudu. Iache dakika 10 ndipo usuuze.

Udi? Unanukia, basi.

Na yule anayemimina jiki shimoni kila siku ili lisinuke, anawaua bakteria wanaosaga kinyesi. Shimo likijaa mapema, ananipigia simu kuuliza namba ya gari la kunyonya.